Tulivyoteremsha Marando Kutoka Mlimani

Kabla hujamwagilia mche, onja maji. Kabla hujajaza mfuko, onja kile unachoujazia. Najua mnacheka. Chekeni, lakini endeleeni kusoma.

Juzi walinijia vijana wa mtaa wetu, wale walioanzisha bustani kando ya barabara na kuuza miche ya maua kwa watu wa kazi za gesi kule Afungi. Waliniletea kitu cha rangi ya kahawia kilichoshindiliwa kama tofali. Walisema wamekinunua badala ya mchanga. Ukikilowesha kinaumuka na kujaza karai zima, ni chepesi, na siku hizi kila mwenye kitalu anakitaka. Ila miche yao inaungua pembeni mwa majani, na hawajui kwa nini. Nikamega kipande, nikakitia ulimini. Wakatazamana.

"Bibi," mmoja akasema taratibu, "una mimba?"

Nikamjibu kwamba mimba yangu ya mwisho niliibeba kabla baba yake hajaingia jandoni. Kisha nikawaambia wakakiloweke kitu chao kwa maji ya mvua, wamwage, waloweke tena, wamwage tena, mpaka ulimi usisikie chochote. Tofali lile lilikuwa usumba wa nazi, na usumba ule ulikuwa na chumvi.

Nimefanya kazi ya viveiro, yaani kitalu cha miche, tangu tulipopata uhuru mpaka magoti yalipokataa kuchutama. Nimepanda mikorosho, michungwa, miti ya kivuli ya barabarani na maua ya ofisini. Wenzangu kazini waliniita Bi Lamba, kwa sababu hapakuwa na mchanga, mbolea wala maji ya kisima yaliyoingia kitaluni bila kupita ulimini mwangu. Wengi walidhani ni wazimu wa uzee ulioniwahi. Sikuwaeleza. Leo nawaeleza ninyi, maana jina hilo nililipata vitani, kwenye safari ya mlimani, na mpaka leo sijaona bustani nyingine iliyonishangaza kama ile.

Wakati wa vita vya ukombozi tuliishi porini, nyuma ya Olumbi, mbali na barabara kuu. Waliobaki mjini walibaki chini ya Mreno. Sisi tulikuwa upande wa wapiganaji. Wanaume wengi walishika bunduki, nasi wanawake tulishika jembe na kubeba mizigo. Tulilima vipande vidogo vidogo chini ya miti, ili ndege zisione shamba. Chakula chetu kikubwa kilikuwa kiazi kitamu, kwa kuwa hakipigi kelele: kinatambaa chini, na ukikiacha ardhini kinakungoja.

Lakini kiazi kitamu kina udhaifu mmoja, na hili mlishike. Hupandi kiazi, unapanda kamba yake. Hizo kamba ndizo marando. Kiangazi cha pwani kinaziua zote, kwa hiyo kila mkulima mwenye akili huficha marando yake bondeni penye unyevu yangoje mvua. Nasi tulikuwa na bonde letu. Mwaka mmoja askari wa Mreno waliligundua, wakalichoma moto, wakatifua na udongo.

Tukabaki na ming'oko, mizizi ya porini. Ninyi mnaila kwa hamu, imechemshwa, mnainunua sokoni. Sisi tuliichimba mpaka ya karibu ikaisha, na ya mbali ilikuwa upande wa barabara, ambako askari walipita. Mdogo wake Bi Mwanema alikwenda huko na jembe lake, na hakurudi.

Bi Mwanema ndiye aliyekuwa mkuu wa mashamba yetu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye viganja vigumu kama magome, kwa maana kazi yake ya kabla ya vita ilikuwa kusokota kamba. Mmeona makumbi ya nazi yakifukiwa kwenye tope la mikoko, yakakaa huko miezi, maji yakija na kuondoka juu yake, kisha yakafukuliwa yakapigwa mpaka yakatoka nyuzi? Nyuzi hizo ndizo usumba. Bi Mwanema aliamini usumba kuliko alivyomwamini mwanadamu yeyote. Alilalia usumba, alizibia paa kwa usumba, alisugulia vyungu kwa usumba. Hata porini alikuwa na furushi lake, jeupe, safi, halina hata punje ya mchanga.

Alikwenda kwa shefe, yaani mkuu wa kituo chetu, mtu mwenye haraka aliyesimama hata wakati wa kula, akamwambia kwamba chini ya ukingo wa mlima kuna bustani ya wapiganaji yenye maji mwaka mzima, na kwamba marando yapo huko.

"Nina mizigo ya kubebwa, Bi Mwanema," shefe akasema. "Nina watu wanaohitaji dawa. Wewe unataka wabebaji wakalete kamba za viazi?"

"Nataka wasichana wawili, na yule mpiganaji wako Sumaili atuongoze. Mvua ya kwanza ikinyesha marando yatakuwa hapa."

"Yasipokuwa hapa?"

"Utaweka mtu mwingine wa mashamba. Nami nitakwenda kuchimba ming'oko pale alipochimba mdogo wangu."

Shefe akatupa ruhusa, na akaongeza kwamba tusiende mikono mitupu. Mlimani kulikuwa na kila kitu isipokuwa chumvi. Watu huko walikula mboga zisizo na ladha, waliojeruhiwa walipoteza hamu ya chakula. Sisi tulikuwa na wazee waliokwenda kwa siri kuchemsha maji ya bahari. Basi tukajaza chumvi kwenye matenga yetu, na ili isimwagike wala isinyeshewe, Bi Mwanema akaifungia ndani ya usumba wake, tabaka chini, tabaka juu. Likumbukeni hilo.

Wasichana wawili tulikuwa mimi, Atija, na shoga yangu Zainabu, ambaye mdomo wake haukupata likizo hata vitani. Sumaili alitangulia na bunduki yake. Njia ilikata nyika, ikapita mbali kusini mwa vijiji vyenye uzio ambako Mreno alikusanya watu, ikavuka mito mikavu. Zainabu alinung'unika njia nzima kwamba anapelekwa mlimani ambako wanawake hutoboa midomo na hata kunguru hugeuza njia. Bi Mwanema alimwambia ahifadhi pumzi, ataihitaji.

Kwa kweli tuliihitaji. Ardhi ilianza kuinuka, tena ikainuka bila kuomba radhi. Mimi nilizaliwa mahali ambapo kilima kikubwa ni rundo la maganda ya kome. Nilipoona ukingo wa mlima asubuhi ya siku ile, umesimama mbele yetu, kijani mtupu, na mawingu yamekaa juu yake kama ukoko wa wali, nilisimama katikati ya njia na tenga kichwani.

"Tembea, mwanangu," Bi Mwanema akasema. "Hautakimbia."

Tukaingia chini ya miti. Hapo ndipo joto lilipokatika, kana kwamba tumeingia chumba cha mtu mwingine. Harufu ikabadilika: udongo mbichi, majani yaliyooza vizuri, maji. Nilisikia maji kabla sijayaona. Kwetu maji huyasikii, unayateka. Yale yalikuwa yakiongea yenyewe, yakitoka kwenye mwamba uliofunikwa na manyoya ya kijani laini kuliko godoro lolote nililowahi kulalia. Majani makubwa ya mimea nisiyoijua yalining'inia juu ya njia, na ndege wa kijani mwenye mbawa nyekundu ndani akaruka mbele yetu. Zainabu akaacha kunung'unika, akanyoosha shingo kumfuata kwa macho.

"Karibuni, walaji wa papa," sauti ikasema. "Chumvi mmeleta au mmekuja kula tu?"

Huyo alikuwa Kalisto, Mmakonde mnene kiasi, aliyevaa aproni yenye mifuko mingi, na katika kila mfuko mlikuwa na kitu: kisu, uzi, mbegu, tumbaku. Kabla ya vita alikuwa mtunza bustani wa misheni. Mapadre walipoondoka, alihama na bustani. Sisemi kwa mafumbo: alichimba miche ya waridi, kahawa, kabichi na maua makubwa ya buluu yenye ukubwa wa kichwa cha mtoto, akaiteremsha bondeni, akaipanda upya chini ya miti mikubwa ambapo ndege za Mreno hazikuweza kuona.

"Tumeleta," Bi Mwanema akamjibu, akatua tenga. "Na ninyi wa mlimani, mmeoga leo au mnangoja arusi?"

Kalisto akacheka mpaka aproni ikatikisika. Mnajua utani huo: juu kabisa ya mlima hakuna maji, wanawake hushuka ukingo mzima kuyafuata. "Ndiyo maana mimi nimeyahamia yalipo," akasema. "Njoni muone, kabla hamjanitukana vizuri."

Bonde lile lilikuwa mahali pa mapumziko. Waliojeruhiwa walipelekwa huko wapone, na wabebaji waliochoka walipewa kulala hapo kabla ya kurudi. Nasi tulipewa kupumzika. Sijui kama mtaelewa furaha yangu. Nilikuwa nimeishi miaka kwenye vichaka ambapo kila kitu kizuri kilifichwa au kilichomwa, na ghafla niko mahali ambapo mtu amechukua taabu kupanda ua. Nilikimbia kutoka tuta hadi tuta. Hiki nini? Kile nini? Kwa nini hiki kiko kivulini na kile kiko juani? Kalisto alijibu yote, na pale asipojua alitunga, nami nilimjua alipotunga kwa sababu alitazama juu.

Nitawaambia aliyonifundisha, yanafaa mpaka leo. Maji aliyaleta kwa mianzi iliyopasuliwa, mmoja ukimwagia mwingine, na mwanzi wa mwisho aliuinua kidogo ili maji yadondoke, yasikimbie, maana maji yanayokimbia huondoka na udongo. Kabichi alizipandia kitunguu kandokando ili wadudu wachanganyikiwe. Miche midogo hakuimwagilia jua likiwa kali hata ikilia. Na kila aliyejeruhiwa, akiweza kusimama, alipewa tuta lake la kumwagilia. Niliona kijana mwenye mkono mmoja akibishana na mwenye mguu mmoja juu ya nani ana nyanya kubwa zaidi.

Nilimuuliza kuhusu waridi. Alikuwa amezipanda mbele ya banda la wagonjwa, mahali pazuri kuliko pote, palipofaa kabichi.

"Haziliwi," nikamwambia.

"Dada, mtu akilazwa chali miezi anahitaji kitu cha kutazama," Kalisto akasema. "Jani la kabichi ukilitazama siku mbili umelimaliza. Waridi kila siku lina habari mpya."

Zainabu aliingia kwenye kijito akapiga ukelele uliowaamsha waliolala, kwa baridi ya maji. Kisha hakutaka kutoka. Tuliosha nywele bila kupima maji. Tulikula kabichi iliyopikwa kwa chumvi yetu wenyewe, na mgonjwa mmoja alilamba sahani, akaomba radhi, akalamba tena. Nilijiambia siku ile kwamba vita vikiisha nitafanya kazi ya kuotesha vitu. Sikujua bado kama vita vitaisha, lakini kazi nilikuwa nimeshaichagua.

Ikafika siku ya kukata marando. Kalisto alituonyesha: kata ncha, si shina la zamani, urefu wa kutoka kiwiko mpaka vidole, toa majani ya chini, acha ya juu. Tukafunga vifungu. Bi Mwanema akafungua matenga yetu, ambayo sasa hayakuwa na chumvi, akatoa usumba wake, akaulowesha kijitoni mara moja tu, akaukamua, akaanza kuvifungia vile vifungu, tabaka chini, tabaka juu.

"Mama, tumia magome ya mgomba," Kalisto akasema. "Yana maji ndani, na ni baridi. Migomba hii hapa."

"Magome ya mgomba yanapasuka njiani. Usumba haupasuki wala hauozi. Umekaa baharini miezi ukatoka mzima, utashindwa na kutembea?"

"Nipe basi tenga moja nifunge kwa njia yangu."

"Chukua kifungu kimoja," Bi Mwanema akasema. "Mpe Atija abebe. Kikioza, nitakuletea uozo wako."

"Na kikipona?"

"Nitakuletea kamba mpya ya kufungia hiyo aproni, maana tumbo linaishinda."

Hivyo ndivyo tulivyoondoka, matenga yote yamefungwa kwa usumba, na kifungu kimoja cha Kalisto kimelazwa juu ya tenga langu ndani ya magome ya mgomba, kama mgeni asiyealikwa.

Simameni hapo kidogo niwaambie jambo la kazi. Rando likikatwa hunyauka. Si ugonjwa. Hata ukilipanda likiwa limelegea kidogo linashika vizuri, pengine kuliko bichi kabisa. Kila mkulima wa pwani analijua hilo, na Bi Mwanema alilijua kuliko wote. Kwa hiyo tulipopumzika mara ya kwanza baada ya kushuka mteremko, na majani yakaonekana yamelala, hakushtuka. Na siku iliyofuata, yalipolala zaidi, hakushtuka. "Yanachoka njia, kama sisi," alisema, akayanyunyizia maji kidogo. Maji yale, sasa najua, ndiyo yaliyozidi kuiyeyusha chumvi na kuipeleka kwenye majani.

Mimi nina tabia moja ambayo mama yangu aliichukia: siwezi kuona vitu viwili bila kuvilinganisha. Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli karibu na mto, mchana, na tenga liko mbele yangu. Nikafungua kifungu cha Kalisto. Majani yalikuwa yamelegea, lakini ya kijani. Nikafungua cha kwetu kilichokuwa chini yake. Majani yalikuwa na mpaka mweusi pembeni, kana kwamba mtu ameyapitisha kwenye moto, na mashina yalikuwa yameanza kuwa ya kahawia pale yalipogusana na nyuzi. Kunyauka huanza na kulegea. Kule kulikuwa kuungua.

Siku zote hizo nilikuwa nimeubeba usumba ule kichwani, na jasho na maji yaliyochuruzika yalikuwa yakinifikia mdomoni. Nilidhani ni jasho langu. Nikachomoa uzi mmoja, nikautia ulimini.

"Bi Mwanema, angalia," Zainabu akasema. "Njaa imemfikisha Atija kwenye kamba."

"Chumvi," nikasema.

"Chumvi gani? Chumvi tumeiacha mlimani."

"Tumeacha nusu. Nusu tumerudi nayo. Onjeni."

Zainabu akaonja, uso ukabadilika. Sumaili akaonja. Bi Mwanema hakuonja. Alitazama kifungu cha Kalisto, akatazama chetu, akakaa chini polepole. Alikuwa ameshika usumba tangu utotoni, na hajawahi hata mara moja kufikiri kwamba una ladha. Nani kwetu angefikiri? Tope la mikoko lina chumvi, kamba ina chumvi, nyumba zetu zina chumvi, visima vyetu vina chumvi, na sisi tunaita hayo yote harufu ya kwetu. Na juu ya hiyo ya baharini tulikuwa tumepakia chumvi yenyewe.

"Mdogo wangu," akasema.

Kisha akainuka. "Fungueni yote. Yaosheni mtoni, moja moja, mkate mashina yaliyoungua mpaka mkute utomvu mweupe. Usumba utupeni mbali. Mbali, Zainabu, usije ukauonea huruma."

"Tutayafungia nini?" nikauliza. "Jua hili yatakauka kabla ya alasiri."

Hilo alilifikiria. Ng'ambo ya mto palikuwa na mji uliohamwa, nyumba tatu zisizo na paa. Wenyewe walikuwa wamepelekwa kwenye kijiji chenye uzio upande wa Diaca. Katikati ya ua, peupe kabisa, palisimama migomba michache.

"Bi Mwanema," Sumaili akasema, "pale ni peupe."

"Naona."

"Ndege hufuata mto huu."

"Basi nitaisikia."

"Niende mimi. Kazi yangu ni kuwarudisha wazima."

"Wewe hujui gome lipi lina maji na lipi limekufa. Utaniletea takataka." Akajifunga kanga ya pili kiunoni, akachukua kisu. "Ninyi osheni."

Tukaosha. Sijawahi kuosha kitu kwa makini namna ile, hata watoto wangu. Mikono ilikuwa kwenye marando na macho yalikuwa ng'ambo. Tulimwona akikata mgomba wa kwanza, akiumenya gome baada ya gome, akitupa la nje, akiweka la ndani. Akahamia wa pili. Ndipo tukasikia ule mvumo.

Sumaili akatusukuma chini ya miti. Ng'ambo, Bi Mwanema hakukimbia, akikimbia angeonekana. Alisogea mpaka katikati ya migomba, akainua mikono yenye magome juu ya kichwa chake, akasimama. Alikuwa mrefu na mkavu, kama nilivyowaambia. Kanga yake ilikuwa kuukuu, rangi imekwisha. Ndege ilipita chini ikifuata mto, ikaenda, ikageuka, ikarudi juu ya mji ule ule. Zainabu alikuwa ananong'ona aya zote alizojua na mbili alizokuwa anazikosea. Kisha ikaondoka kuelekea baharini.

Bi Mwanema alibaki amesimama muda. Tulipodhani hawezi kusogea, akainama, akaendelea kumenya.

Alipovuka kurudi, maji ya mgomba yamemchafua kifua chote, Sumaili akampokea mzigo. "Niliona mgomba mmoja wenye ukaidi," akasema.

"Ungeona vizuri ungeona unatetemeka," Bi Mwanema akamjibu, akakaa kufunga vifungu.

Tulifunga yaliyobaki kwa magome, kama alivyotaka Kalisto. Hayakuwa nusu ya tuliyoyabeba. Kila kifungu tulikiangalia kila tulipopumzika, na kila mara Bi Mwanema aliniambia, "Onja," nami nikaonja. Hapo ndipo Zainabu alipoanza kuniita Bi Lamba, na jina likashika kabla ya marando.

Mvua ilitukuta karibu kufika. Shefe alikuja mwenyewe shambani, akachukua rando moja lililokatwakatwa, fupi kama kidole na nusu, akalining'iniza mbele ya uso wake.

"Haya ndiyo?"

"Ndiyo haya," Bi Mwanema akasema.

Tukapanda. Lifukie rando kwa kulilaza, vifundo viwili chini ya udongo, ncha juu. Ukilisimamisha wima unapanda kiburi. Tulipomaliza, Bi Mwanema hakurudi tena shambani. Alikaa kwenye kibanda chake, mikono haina usumba wa kusokota, na jembe la mdogo wake limeegemezwa mlangoni. Kila asubuhi mimi nilikwenda kuangalia, nikarudi.

"Yamelala," nilisema.

"Yaache yalale."

Siku nyingine: "Yamelala bado. Machache yameoza."

"Hayo machache yalikuwa yetu kuyapoteza."

Asubuhi moja nilichutama kwenye tuta la mwisho, na kwenye pembe ya jani lililokufa nikaona kitu kidogo cha zambarau, kimekunjwa kama ngumi ya mtoto mchanga. Nikatazama rando la pili. Nalo. La tatu halina, la nne linalo. Nilikimbia. Nilifika kwenye kibanda nikiwa sina pumzi, na kwa mara ya kwanza maishani sikuweza kutoa taarifa iliyopangika. Bi Mwanema alinitazama uso tu. Akainuka, akalichukua lile jembe mlangoni, akaenda moja kwa moja shambani kupalilia.

Viazi vyenyewe tulivichimba baadaye, na msimu huo hakuna aliyetumwa tena upande wa barabara kutafuta ming'oko. Kamba ya aproni ilipelekwa mlimani na mbebaji mwingine, imesokotwa kwa usumba mpya uliooshwa mpaka Bi Mwanema mwenyewe akauonja. Kalisto alijibu kwamba inatosha, ila angeshukuru kama wangeiacha na chumvi kidogo.

Lakini mimi hukumbuka zaidi chungu cha kwanza. Marando yalipotambaa na kufunika matuta, tulichuma majani machache, matembele, tukayapika kwa wote. Chumvi hatukuwa nayo. Iliyokuwapo yote ilikuwa imepanda mlimani. Shefe alikula amesimama, kama kawaida yake. Akatafuna, akatafuna, akatazama ndani ya kata yake.

"Mazuri," akasema. "Ila hayana chumvi."

Zainabu alikuwa wa kwanza kuangua kicheko, akanishika mkono nisianguke. Sumaili akageukia mti. Shefe akatutazama mmoja mmoja, akidhani tumelewa.

Bi Mwanema akamwongezea majani kwenye kata. "Ndiyo maana yameota," akasema. "Kula."